Je, Ni Lazima Risasi Iwe Risasi?

Ndugu msomaji, barua nyingi zifikazo katika meza hii ni za mambo yaliyo karibu na sote: mtoto anayekataa uji, mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima, shemeji aliyekuja kutembea siku tatu na sasa anamaliza mwezi wa tatu. Juma hili imekuja barua moja ambayo imenifanya niziweke kando nyingine zote. Imetoka kwa mama mmoja wa Keko, mjane mwenye wajukuu saba, naye kwa unyenyekevu ameanza kwa kuniomba radhi, akidhani kwamba swali lake si la ukurasa huu wa jamaa. Mama yangu, shikamoo. Swali lako ni la ukurasa huu hasa, kwani linahusu chungu kilichoko jikoni na mtoto aliyeketi akikingojea.

Mwanawe wa pili anafanya kazi ya kiwandani katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani. Ana mke, na wana binti wa miaka mitatu. Mtoto mwingine yumo njiani. Wafanyakazi wenzake walimzoesha kula nyama ya porini, kisha wakamwalika kuwinda pamoja nao. Basi akahudhuria mafunzo, akakata leseni, akanunua bunduki kwa mzee mmoja aliyestaafu. Bunduki yenyewe ni gobole! Alipoingia dukani kununua risasi, alikuta ukuta mzima umejaa visanduku: za duara, za ncha, za rangi ya kijivu, za rangi ya shaba, nyingine zimevishwa plastiki. Akampigia simu mama yake kwa mzaha, akamwuliza, "Mama, marehemu baba alikuwa akitumia ipi?"

Mama alicheka, lakini usiku hakupata usingizi. Marehemu mumewe alikuwa na gobole huko Liwale, la kulindia shamba na kutafutia kitoweo, na risasi zake alizisubu mwenyewe katika mafiga yale yale yaliyopikiwa ugali. Sasa amesikia redioni kwamba madini ya risasi ni sumu kwa watoto. Anauliza mambo matatu: kwa nini watu wenye bunduki za kila namna wawinde kwa gobole; mwanawe achague risasi gani; na je, nyama ile ni salama kwa mjukuu wake?

GOBOLE KATIKA NCHI YA MITAMBO

Nianze na lile la kwanza, maana ndilo linalowashangaza wengi. Sisi tunalijua gobole kama silaha ya zamani, iliyoingia barani kwa wingi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Hujazwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha risasi, halafu vyote hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu unaolala chini ya mtutu. Hupiga mara moja tu. Ukikosa, itakupasa uanze upya huku mnyama akienda zake.

Huko Marekani sababu ya kulipenda ni hiyo hiyo. Majimbo mengi yametenga majira maalumu ya kuwinda kwa gobole, mbali na majira ya bunduki za kisasa, ili wawindaji wasirundikane na mnyama apate nafasi ya haki. Pennsylvania ilianzisha majira yake mwaka 1974, nayo ni ya bunduki za gumegume, yaani zile ziwakazo kwa jiwe linalopiga chuma na kutoa cheche. Huwa ni wakati wa baridi kali, baada ya Krismasi. Anayetoka siku hizo anajua kwamba ana risasi moja tu, na kwamba hapana budi amsogelee mnyama.

Mnyama mwenyewe ni ayala mwenye mkia mweupe. Ayala si swala wala kulungu wetu: pembe za dume lake zina matawi, huanguka kila mwaka na kuota upya. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekutana na jina lake katika Zaburi. Dume mzima aghalabu huwa na uzito wa kilo 60 hadi 130, na nyama yake inaweza kulisha nyumba ndogo kwa miezi mingi. Ndiyo maana mfanyakazi wa kiwandani, ambaye kila senti yake ina kazi, humhesabu ayala mmoja kama mshahara wa ziada.

RISASI TATU UKUTANI

Sasa tuingie dukani pamoja na huyo kijana. Ukuta ule unatisha kwa wingi wa visanduku, lakini ukiondoa rangi na majina, vilivyomo ni jamaa tatu tu.

Jamaa ya kwanza ni risasi ya duara, kigololi cha madini ya risasi tupu. Ndiyo kongwe kuliko zote. Haijazi mtutu kabisa. Huzungushiwa kiraka cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, nacho ndicho kinachobana. Gobole la kawaida la kuwindia ayala lina mtutu wenye kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kigololi chake huwa pungufu kidogo, kiasi cha milimita 12.4. Kina uzito wa gramu kumi na moja na nusu hivi. Kijana asibabaishwe na visanduku vilivyoandikwa kwa greni, kipimo cha Wamarekani: greni kumi na tano na nusu ni takriban gramu moja. Sifa ya risasi hii ni ulaini wake. Ikimgonga mnyama hubonyea na kupanuka, ikafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo. Kasoro yake ni umbo: duara halipasui hewa vizuri, hivyo katika mita 90 za kwanza hupoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake. Ni risasi ya karibu.

Jamaa ya pili ni risasi ndefu yenye ncha, nayo pia ya madini ya risasi. Katika miaka ya 1840 afisa mmoja wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, alibuni risasi yenye tundu kitakoni. Moto wa baruti huitanua, nayo ikabana mtutu bila kiraka. Wamarekani walipouana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, risasi za jinsi hiyo ndizo zilizotumika zaidi. Wajukuu wake wanaouzwa leo wana uzito wa gramu 20 hadi 25, mara mbili ya kigololi. Hupenya sana na hustahimili mwendo mrefu zaidi. Kasoro zake ni mbili: husukuma bega la mpigaji kwa nguvu, na kwa kuwa haina kiraka inaweza kuteleza kuelekea mdomoni mwa mtutu, bunduki inapobebwa imeinamishwa. Nitairudia hatari hiyo.

Jamaa ya tatu ni mtoto wa juzi. Mwaka 1985 lilitoka sokoni gobole la namna mpya liitwalo Knight MK-85, ambalo fataki yake hukaa nyuma ya baruti moja kwa moja. Magobole ya namna hiyo yalileta risasi ndogo kuliko mtutu, zikaazo ndani ya kikombe cha plastiki kiitwacho saboti. Kikombe huanguka mara baada ya kutoka mtutuni, risasi ikaendelea peke yake. Nyingi za jamaa hii zina risasi ndani na ganda la shaba nje. Lakini nyingine ni shaba tupu tangu ncha hadi kitako, na hizo ndizo nitakazozishika mwishoni.

Hapo ndipo lugha yetu inapotufumba macho, ndugu msomaji. Kwa Kiswahili risasi ni jina la madini, na risasi ni jina la kile kitokacho katika bunduki. Wazee waliotupa neno hilo hawakuona haja ya maneno mawili, kwani katika zama zao vyote vilikuwa kitu kimoja. Leo sivyo. Ukuta wa duka lile unauliza swali ambalo marehemu baba yake kijana hakupata kuulizwa: je, ni lazima risasi iwe risasi?

MTUTU NDIO UNAOCHAGUA

Kabla ya kujibu, kijana aangalie bunduki aliyonayo, maana asilimia kubwa ya makosa huanzia hapa. Watu hununua risasi iliyosifiwa na muuzaji, kisha wakalaumu bunduki.

Ndani ya mtutu wa gobole la kiwandani kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, ili risasi itoke ikizunguka kama pia na isiyumbe. Mizunguko hiyo haifanani. Mitutu ya kale na iigizayo ya kale huzunguka polepole, mara moja katika urefu wa inchi 66 au zaidi, yaani sentimita 168 hivi. Huo ni mtutu wa kigololi. Ukiutilia risasi ndefu, risasi itapepesuka kama mlevi. Mitutu ya magobole mapya huzunguka upesi, aghalabu mara moja katika inchi 28, yaani sentimita 71. Huo ni wa risasi ndefu na wa saboti. Ukiutilia kigololi chenye baruti nyingi, kiraka huteleza juu ya mifereji na shabaha ikapotea. Kati ya hizo mbili upo mtutu wa inchi 48, uliochongwa ili uwatumikie wote, nao, kama ilivyo kwa kila mtumishi wa mabwana wawili, hauwatumikii wote sawasawa.

Kipimo hicho mara nyingi huchapwa juu ya mtutu wenyewe. Kikikosekana, kijana achukue ufito wenye kitambaa kinachobana, autie alama, auvute taratibu, atazame alama hiyo inahitaji urefu gani ili izunguke mara moja. Ni kazi ya dakika tano, nayo itamwokolea fedha nyingi.

Aangalie na sheria pia, kwa sababu kila jimbo lina zake. Colorado, kwa mfano, inakataza saboti katika majira ya gobole. Kilicho halali ng'ambo hii ya mpaka huweza kuwa kosa ng'ambo ya pili. Kijitabu cha kanuni hutolewa na serikali ya jimbo kila mwaka. Akisome kabla ya kusoma bei.

UMBALI WA SAHANI

Wanawake wengi wasomao ukurasa huu watauliza: haya yote ya nini, ikiwa mnyama atakufa tu? Jibu ni kwamba kuna kufa na kufa. Ayala aliyepigwa vizuri kifuani, penye moyo na mapafu, huanguka baada ya hatua chache. Aliyepigwa tumboni au pajani hukimbia, akajificha, akafa kwa maumivu usiku au kesho yake, na nyama yake ikaharibika. Hakuna mwindaji mwenye utu anayependa hivyo, na hakuna mama anayetaka kuivisha nyama ya mnyama aliyeteswa.

Kwa hiyo sifa ya risasi haipimwi dukani bali uwanjani. Kifua cha ayala, pale penye uhai wake, ni kama sahani ya chakula. Kijana aweke karatasi yenye duara la ukubwa wa sahani ndogo ya chai katika umbali wa mita 50, apige risasi tatu, akisafisha mtutu kwa kitambaa kibichi baada ya kila moja, kwani masizi ya baruti hubadili kila kitu. Zikiangukia zote ndani, asogee nyuma. Pale ambapo hata moja inatoka nje ya duara, hapo ndipo mwisho wake. Kama ni mita 60, basi kwake ayala aliye mita 70 hayupo. Mwenye kigololi na gumegume aghalabu hukomea kati ya mita 50 na 75, na hilo si aibu. Kujua mwisho wako ni sehemu ya kuijua risasi yako.

Na kuna mambo mawili ambayo ni ya kufa na kupona. Kwanza, gobole hula baruti nyeusi au ile iliyotengenezwa makusudi kuwa badala yake. Baruti ya bunduki za kisasa ikitiwa katika gobole la kawaida huupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji. Pili, risasi sharti ikalie baruti, bila nafasi kati yao. Ile risasi ndefu iliyoteleza, niliyoitaja, huacha nafasi hiyo, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Wazoefu hutia alama katika mdeki ili waone kwamba risasi imefika chini, nao huirudia kuipima kila baada ya saa kadhaa za kutembea. Kijana na afanye vivyo hivyo.

SAHANI YA MJUKUU

Sasa nafika penye swali lililomnyima mama usingizi.

Madini ya risasi hayana kazi yoyote yenye faida mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakijulikani kiwango chake chochote katika damu ambacho hakina madhara. Mtu mzima humdhuru figo na mishipa ya damu. Mtoto mdogo humdhuru ubongo ungali ukijengwa: hupunguza akili ya kujifunza, utulivu na usikivu, na kilichopotea hakirudi. Mama mja mzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Ni kwa sababu hiyo dunia iliyaondoa madini hayo katika petroli ya magari, kazi iliyochukua miongo mingi na kumalizika mwaka 2021, Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuacha.

Je, hufikaje katika nyama? Kwa muda mrefu wawindaji waliamini kwamba risasi hubaki pale ilipoingia, au hutoka upande wa pili, mtu akakata jeraha akala kilichobaki. Picha za eksirei zimeonyesha vingine. Risasi yenye madini hayo ikigonga, hasa ikigonga mfupa, humeguka vipande. Vingine ni kama chembe za vumbi, havionekani kwa jicho wala havisikiki jinoni, navyo hutawanyika mbali na jeraha. Mwaka 2008 katika jimbo la North Dakota walipimwa damu watu 738. Waliokula nyama ya porini walikutwa na madini ya risasi zaidi ya wasiokula. Idara ya afya ya jimbo hilo ikashauri kwamba wanawake waja wazito na watoto wasiotimiza miaka sita wasile kabisa nyama ya ayala aliyeuawa kwa risasi ya madini hayo.

Wala si binadamu peke yake. Huko California yuko tumbusi mkubwa ambaye idadi yake ilishuka hadi 22 tu mwaka 1982, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa kula matumbo ya wanyama yaliyoachwa porini na wawindaji, yakiwa na vipande hivyo. Mwaka 2013 jimbo hilo lilitunga sheria ya kukataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote, nayo imetumika kwa ukamilifu tangu tarehe 1 Julai 2019. Wawindaji wa California wangali wanawinda.

Nisiwe mwenye kutia chumvi. Risasi za gobole, kwa kuwa nzito na za mwendo wa polepole, humeguka kidogo kuliko risasi nyepesi za bunduki za kisasa ziendazo kasi sana. Kigololi laini kilichopita kati ya mbavu huweza kutoka kikiwa kimebonyea lakini karibu kizima. Hilo ni kweli, na ni faraja kwa mtu mzima. Lakini "kidogo" si "hakuna", na mtoto wa miaka mitatu hana kinga ya kidogo.

USHAURI KWA KIJANA

Basi mama, mwambie mwanao hivi, kama ulivyoandikiwa na mtoto wako wa gazetini.

Kama gobole lake lina mtutu wa mzunguko wa upesi, na sheria ya majira anayoyawindia inaruhusu, anunue risasi ya shaba tupu. Haimeguki, ncha yake yenye tundu hufunguka kama ua, ikabaki kipande kimoja. Ni ghali zaidi, lakini mwindaji wa gobole hatumii risasi nyingi kwa mwaka. Anaweza kufanyia mazoezi ya mwanzo kwa zile rahisi, akamalizia kulenga kwa zile zile za shaba atakazowindia, kwa maana hazipigi mahali pamoja. Akumbuke pia kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo risasi ya uzito ule ule huwa ndefu zaidi, na huhitaji mwendo wa kutosha ili ifunguke. Asipige mbali kwa kuwa tu imeandikwa sifa kubwa juu ya kisanduku.

Kama ni gumegume la kale lenye mzunguko wa polepole, risasi yake ya asili ni kigololi chenye kiraka, na asilazimishe nyingine. Vipo vigololi vya bismathi iliyochanganywa na bati, visivyo na madini ya risasi. Ni vigumu kuliko vile laini, hivyo ajaribu unene wa kiraka kimoja baada ya kingine mpaka kikae sawa. Akivikosa, akatumia cha madini ya risasi, basi kiwe cha risasi tupu, ile inayokwaruzika kwa ukucha, siyo ile iliyokorogwa na antimoni ikawa ngumu. Apige mbavuni, aepuke mfupa wa bega. Akate nyama yote yenye damu iliyovilia na nyingine nyingi kuizunguka, aitupe mahali ambapo hata mbwa na ndege hawataifikia. Asiisage nyama iliyokuwa karibu na jeraha, maana mashine ya kusagia huchukua chembe moja ikaieneza katika kilo kumi. Kuosha hakusaidii, wala siki, wala kuchemsha.

Na hata akifanya hayo yote, nyama ya ayala huyo ale yeye na wageni wake. Mkewe mja mzito na binti yake wa miaka mitatu wasile. Najua ni neno gumu kwa baba aliyetoka porini akitetemeka kwa baridi, mabegani amebeba riziki. Lakini baba hujulikana pia kwa kile anachokizuia kisifike mezani.

NA SISI HUKU NYUMBANI

Mama ametaja mafiga ya Liwale, nami siwezi kuyapita kimya. Madini ya risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327, jambo ambalo moto wa kuni au mkaa hulifikia bila taabu. Ndiyo maana yamesubiwa jikoni miaka mingi, na bado husubiwa: mmoja anatengeneza vizito vya nyavu, mwingine anayeyusha betri ya gari, wa tatu anajaza kalibu ya risasi. Mavumbi na masizi yake hukaa sakafuni, mtoto akatambaa juu yake, kisha akatia kidole kinywani. Sufuria iliyowahi kuyeyusha risasi isipike tena chakula cha mtu, hata ikisuguliwa kwa mchanga ikang'aa. Kazi hiyo na ifanyiwe nje, mbali na watoto, na mfanyaji abadili nguo na kunawa kabla hajamnyanyua mwanawe.

Tena, asitokee msomaji akadhani kwamba makala hii imemfungulia mlango wa pori. Hapa Tanzania gobole ni silaha, na silaha ina Sheria yake ya mwaka 2015. Mnyama naye ana Sheria yake ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Asiye na kibali cha kumiliki na leseni ya kuwinda hana haki ya kuuliza risasi ipi ni bora.

Mama yangu, umeniandikia kwamba hujui kama mumeo aliwadhuru watoto wenu bila kujua. Mimi sina kipimo cha kujibu hilo, na nadhani wewe huhitaji jibu bali ruhusa ya kutojilaumu. Marehemu alitumia kilichokuwako, kwa elimu iliyokuwako, na watoto wake wakalala wameshiba. Mwanao ana ukuta mzima wa kuchagua, na sasa ana elimu ambayo baba yake hakuipata. Akikupigia simu tena, mwambie kwamba baba yake alitumia kigololi, alisogea karibu, na hakupiga asipokuwa na hakika. Hayo matatu ayarithi. Hayo madini ayaache.

Hadi Jumapili ijayo, tuwe na juma jema.